Juu ya Neno "Kichocheo" katika Elimu ya Kupata Haidrojeni kwa Nuru

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza katika jarida la Nature jinsi maji yatengukavyo yakawa haidrojeni na oksijeni, pindi mionzi iangukiapo kipande cha dioksidi ya titani kilichoungwa kwa waya na platini. Dioksidi hiyo si kitu kigeni. Ndiyo unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba.

Namna ya kazi yenyewe ni hii. Nuru ipigapo madini hayo, elektroni huruka daraja ya juu, ikaacha nyuma mahali patupu. Wako wapaitao tundu. Mimi naona "pengo" lafaa zaidi, kwani tundu laweza kuwapo tangu awali, bali pengo, kama la jino, laonyesha kwamba palikuwa na kitu kikaondoka. Pengo hunyang'anya maji elektroni, oksijeni ikatoka. Na elektroni iliyoruka husaidia kufanya gesi ya haidrojeni. Taabu ni kwamba elektroni hupenda kurudi pengoni upesi, na nguvu ya nuru ikapotea kwa joto bure. Ndiyo sababu watu hutafuta chembe za kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja katika bilioni ya mita: ndani yake safari ya kufika usoni ni fupi. Hata hivyo udogo peke yake hautoshi, maana kasoro za usoni nazo hunasa elektroni.

Kutenganisha maji kwahitaji elektronivolti 1.23, lakini dioksidi ya titani haiamki chini ya 3 hivi. Basi hutumia mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo ya nuru ya jua. Mwaka 2020 Kazunari Domen na wenzake walitumia madini ya strontiamu na titani yenye alumini kidogo, wakabandika rodiamu na kromiamu upande mmoja, kobalti upande mwingine, ili elektroni na mapengo yashike njia mbalimbali. Kwa mionzi ya nanomita 350 hadi 360, asilimia 96 ilifanya kazi. Lakini mwaka 2021, walipoeleza habari za mitambo ya meta 100 za mraba iliyowekwa juani, nguvu ya jua iliyogeuzwa haikuzidi asilimia 0.76. Hesabu hizi mbili zisichanganywe.

Sasa tuje kwenye jina. Kuchochea ni kusukuma kuni ili moto uliokwisha kuwaka uzidi. Maana hiyo yafaa sana pale ambapo mabadiliko yangetokea yenyewe, ila polepole. Hapa sivyo: haidrojeni na oksijeni zina nguvu kuliko maji yaliyozizaa, kwa hiyo unga huu hauharakishi tu, bali huchukua nguvu ya nuru na kuiweka akiba. Tena "kichocheo cha nuru" humpoteza msomaji, akadhani nuru ndiyo ichochewayo, kama ilivyo katika kichocheo cha moto.

Kwa kigezo cha "kipaza sauti", mimi nachagua "kitenganisha maji kwa nuru". Neno "kichocheo" na libaki kwa zile chembe za rodiamu na kobalti, kwani hizo kweli huharakisha tu.