Nani Atamfunga Paka Kengele?

Nani kati yetu hakusikia tangu utoto hadithi ya panya waliokata shauri paka afungwe kengele? Wote walilisifu shauri lile, lakini alipotakiwa wa kwenda kuifunga, kila mmoja alinyamaza.

Vita navyo ni paka wa namna hiyo. Kila upande hujisifu na kuukana ubaya wake. Nani atawauliza?

Mwezi wa Machi mwaka 2012, Mwingereza mmoja wa mji wa Leicester, Eliot Higgins, alianza kuandika katika intaneti habari za vita vya Syria. Hakuwa askari wala mwandishi wa gazeti. Kiarabu hakukijua, na Syria hakupata kufika. Alikaa nyumbani akitazama video zilizopigwa na wenyeji wa huko, mamia kwa mamia. Akiona kipande cha kombora, alitafuta ni silaha gani. Akiona kilima, mnara na njia panda, alivilinganisha na picha za nchi zilizopigwa kutoka angani. Hata kivuli kilimsaidia kujua saa.

Serikali ya Syria ilikana kwamba inatumia mabomu yanayomwaga vibomu vidogo; yeye alionyesha mabaki yake. Lakini waasi nao hakuwaficha. Mwanzo wa mwaka 2013 alitambua mikononi mwao silaha za Yugoslavia ya zamani, na gazeti la New York Times likafuata habari hiyo.

Julai 2014 alianzisha na wenzake kikundi cha Bellingcat, jina lililotoka katika hadithi ile ile ya panya. Siku chache baadaye, tarehe 17, ndege ya abiria ya Malaysia ilitunguliwa mashariki ya Ukraine, wakafa watu wote 298. Urusi ilikana kuhusika. Kikundi kile kilikusanya picha za wapita njia, kikafuata gari la makombora hatua kwa hatua mpaka kwenye kikosi cha Urusi cha mji wa Kursk. Mwaka 2018 wapelelezi wa mataifa matano walisema vivyo hivyo.

Lakini sifa zote zisimwendee aliyekaa nyumbani. Katika mji wa Raqqa, vijana walioanza mwaka 2014 kutoa kwa siri habari za ukatili wa Dola la Kiislamu waliwindwa, na baadhi yao waliuawa, hata huko Uturuki walikokimbilia.

Nguvu ya watu hawa haikuwa katika kusema kwa sauti kubwa. Walimwonyesha msomaji walivyojua, naye akaweza kupima mwenyewe.

Nasi je? Mama mmoja alikuja ofisini kwetu parokiani akilia, simu mkononi. Mwanawe yuko Goma, na picha aliyotumiwa ilionyesha mji unateketea. Tuliitazama pamoja polepole. Juu ya mapaa palikuwa na theluji! Mama alifuta machozi, akauliza, "Sasa aliyenitumia alitaka nini?" Nilikosa jibu. Yule aliyemtumia pengine hakutaka neno. Aliipokea tu, akaipeleka mbele.

Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo, nayo haikusema kwamba kidole hakina hatia. Kabla hujaipeleka picha ya vita kwa mwenzako, uliza: imepigwa wapi, lini, na nani? Ukikosa jibu, iache hapo hapo.