Utando wa Seli na Dawa za Skizofrenia (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliishia kwenye dopamini, kemikali ya ubongo, na jinsi dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumika Paris mwaka 1952, inavyoziba vipokezi vyake. Likabaki swali: mbona wagonjwa wawili hupewa dawa ile ile, mmoja akatulia na mwenzake akaendelea kusikia sauti?

David Horrobin, Mwingereza aliyekuwa profesa wa fiziolojia Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitafuta jibu kwenye mafuta. Kipokezi cha dopamini hakielei peke yake. Kimezama katika utando wa seli, yaani tabaka mbili za fosfolipidi. Asidi za mafuta kama zile za samaki huulegeza utando, na kipokezi kikaweza kujikunja na kusogea. Zikipungua, utando hukakamaa. Tena, asidi ya arakidoni ikichomolewa humo hugeuzwa kuwa prostaglandini, kemikali zinazopeleka ujumbe. Mwaka 1977, katika jarida la The Lancet, Horrobin alidai kwamba skizofrenia ni ugonjwa wa upungufu wa prostaglandini.

Ushahidi unaonivutia zaidi uko kwenye ngozi. Mtu akipakwa niasini, ambayo ni vitamini B3, ngozi hupata joto na kuiva, kwa kuwa prostaglandini zimepanua mishipa midogo ya damu. (Kwa sisi weusi, wekundu huo hauonekani vizuri, afadhali kupima mtiririko wa damu.) Kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia hali hiyo huwa hafifu. Wengi, lakini si wote, ndiyo maana haitoshi kuwa kipimo cha ugonjwa.

Je, mafuta ya samaki yanasaidia dawa? Mwaka 2001 Marekani, wagonjwa 87 walifuatiliwa kwa wiki 16, na mafuta hayakuonyesha faida. Mwaka uliofuata Horrobin na mwenzake Malcolm Peet waliona nafuu, hasa kwa waliokuwa wakitumia klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia. Mwaka 2010, Vienna, utafiti wa vijana 81 waliokuwa hatarini kuugua uliwafanya wengi watumaini: ndani ya mwaka mmoja waliougua ni asilimia 4.9 ya waliopewa mafuta, dhidi ya 27.5 ya wenzao. Utafiti mkubwa zaidi, wa watu 304, uliotolewa mwaka 2017, haukuiona tofauti hiyo. Nadharia ya Horrobin naiona nzuri, ila bado inadaiwa ushahidi. Na kwa wagonjwa wa tafiti mbili za kwanza, mafuta yaliongezwa juu ya dawa. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge.

Juma lijalo: klozapini, na kwa nini anayeitumia hupimwa damu kila mara.