Je, Wajua? Kondoa Mbili na Ufunguo wa XSLT

Wako watu, na baadhi yao ni mafundi wa kompyuta, wanaodai kuwa XSLT, lugha ile ya kugeuza nyaraka za XML, imekwisha zama zake na haistahili hata kutajwa. Nami kila niwasikiapo hustaajabu, maana aghalabu ndio hao hao waketio kutwa nzima mbele ya majedwali mawili, wakilinganisha kwa macho kazi ambayo lugha hiyo ingeimaliza kabla chai haijapoa.

Twaa hesabu za watu wa Mkoa wa Dodoma. Sensa ya 2002 iliukuta una wilaya tano: Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Dodoma Mjini na Dodoma Vijijini. Ile ya 2012 ikakuta saba, kwa kuwa Dodoma Vijijini ilikwisha gawanywa zikazaliwa Bahi na Chamwino, na Kondoa ikamegwa ikatoka Chemba. Ukiweka kila sensa katika faili lake kisha ukayaoanisha kwa majina, Dodoma Vijijini haitapata mwenziwe na Bahi itaonekana kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Lakini la hatari zaidi ni kwamba Kondoa yenye watu 429,824 itaoana bila kelele na Kondoa yenye watu 269,704, nawe utatangaza kuwa wenyeji wameihama, ilhali kilichohama ni mpaka. Ongeza watu 235,711 wa Chemba, nayo hijra hiyo itageuka kuwa ongezeko. Kwa hiyo yahitajika faili la tatu, la nasaba, lielezalo wilaya ipi ya leo ilitoka katika ipi ya jana.

Kuyafungua mafaili matatu si taabu; ndiyo kazi ya document() ya XSLT, iliyokuwamo tangu toleo la kwanza la Novemba 1999. Ajabu imo katika key(), ambayo huandaa faharasa, hapa ya misimbo inayoitambulisha kila wilaya, ili kila ulizo lijibiwe pasipo kulipekua faili lote upya. Katika toleo hilo, ufunguo huo hutafuta ndani ya faili lile tu ulilosimama ndani yake: ukiwa katika la 2002 ukauliza msimbo wa Kondoa kwa tamaa ya kujibiwa na la 2012, hupati onyo lolote, bali hujibiwa na 2002 yenyewe, na tofauti ikatoka sifuri. Hila yake ni kuandika for-each juu ya document('2012.xml'), mzunguko usiozunguka, kwa maana una kitu kimoja tu, na shabaha yake ni kukuhamisha; nawe sharti uwe umekwisha kuuhifadhi msimbo katika kigeu, kwani ukishahama, wilaya uliyokuwa nayo huioni tena. Toleo la pili, la Januari 2007, lilimruhusu mwandishi alitaje faili la kutafutiwa. Walakini vivinjari vya intaneti vilibaki na la kwanza.

Matumizi mengine ya XSLT ni mengi: orodha za bei, katalogi za maktaba, ankara, ramani, hata nyaraka za Word na LibreOffice, ambazo ndani yake ni XML.

Kinachoudhi ni kwamba majedwali yetu mengi hutolewa katika PDF, ambamo tarakimu hupangwa kwa ajili ya macho tu, na nasaba ya mipaka huijua karani mmoja, ambaye akistaafu huondoka nayo. Basi mwenye kuchapisha jedwali la wilaya, na aambatishe misimbo yake pamoja na faili hilo la tatu.