Mtoto anatambaa? Lijue ua la ZZ kabla ya kuliweka sebuleni

Iwe Mbulu mjini au Katesh, sebule yenye ua la kijani hupendeza. Tatizo huanza pale mtoto wa miezi minane anapotambaa hadi kwenye chungu, akachuma kijani na kukitia mdomoni. Ukimkimbiza zahanati, utaulizwa: ametafuna ua gani?

Mzazi, je, una jibu?

Moja ya maua ya ndani yasiyo na usumbufu ni ZZ, ambalo jina lake la kisayansi ni Zamioculcas zamiifolia. Huenda ukadhani limetoka ng'ambo, kumbe asili yake ni huku kwetu: Kenya, Tanzania hadi Afrika Kusini. Wakulima wa Uholanzi walianza kulizalisha kwa wingi kwa biashara miaka ya 1990, likasambaa duniani.

Utalitambuaje?

Vijani vyake ni vinene, vinang'aa kana kwamba vimepakwa mafuta, na vimepangana kwa jozi, mara nyingi 6 hadi 8, kwenye kikonyo kilichonona sehemu ya chini. Halina miiba. Ardhini lina viazi vinavyohifadhi maji.

Kama ua lako lina majani madogo lakini shina lina miiba na likikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, hilo si ZZ. Utomvu wa namna hiyo huweza kudhuru macho, hivyo liweke mbali zaidi na watoto.

Hatari iko wapi?

ZZ lina fuwele ndogo za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna, mdomo huwaka, mate hutoka kwa wingi, na midomo au ulimi huweza kuvimba. Madai ya mitandaoni kwamba ua hili huleta saratani hayana ushahidi. Kuwa nalo chumbani hakudhuru, kulitafuna ndiko kunakodhuru.

Akitafuna, fanya hivi

Toa mabaki mdomoni, mfute kwa kitambaa safi chenye maji, kisha mpe maji kidogo anywe. Usimtapishe. Utomvu ukiingia jichoni, lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akivimba mdomo, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, mwahishe kituo cha afya, na ubebe kipande cha ua hilo.

Kulitunza kwenye baridi yetu

Ua hili hupenda joto, na likiwa kwenye baridi chini ya nyuzi joto 15 hudumaa. Mwezi Juni na Julai, liondoe karibu na dirisha linalopitisha upepo usiku. Wakati huo mwagilia mara moja kwa mwezi tu. Kipindi cha joto, kila baada ya wiki mbili au tatu inatosha, udongo ukiwa umekauka kabisa.

Tumia chungu chenye matundu chini, na udongo uliochanganywa na mchanga. Majani yakianza kuwa ya njano, mara nyingi maji yamezidi na viazi vinaoza. Liweke penye mwanga, lakini si kwenye jua kali. Ukilikata au kulihamisha, vaa glovu na unawe mikono kabla ya kumshika mtoto.

Halafu lipandishe juu ya kabati, mahali ambapo hata mtoto akisimama kwenye stuli hafiki. Andika jina lake kwenye chungu, ili hata dada wa kazi au bibi ajue la kujibu akiulizwa.