Kutu, Ulikaji na Uchakavu: Istilahi za Mabomba ya Maji ya Kupozea katika Mitambo ya Nyuklia

Waswahili husema kwamba chuma kimeliwa na kutu. Usemi huo unatosha katika mazungumzo ya kila siku, kwani msikilizaji aghalabu anakijua chuma chenyewe, kiwe ni bati la paa au jembe lililosahauliwa mvuani. Lakini mfasiri akabidhiwapo taarifa ya kitaalamu kuhusu mabomba yaliyoharibika chini ya ardhi, na kuhusu uamuzi wa kuyaondoa na kuweka ya plastiki mahali pake, neno kutu peke yake halimfikishi mbali. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi zinazohitajika katika kazi ya namna hiyo. Mfano tuliouchagua ni wa mitambo ya umeme wa nyuklia nchini Marekani, ambako neno moja likikosewa msomaji huweza kuelewa kinyume cha mambo yalivyo.

Kwanza yafaa ieleweke maji yanayozungumzwa ni yapi. Katika mtambo wa aina iliyoenea zaidi duniani mna mizunguko ya maji iliyotengana. Maji ya mzunguko wa kwanza hupita katika kiini cha kinu na kugusana na vyuma vilivyobeba urani. Maji ya mzunguko wa pili hupokea joto kutoka kwa yale ya kwanza kupitia kuta za mirija, yakageuka mvuke na kuendesha mashine za kufua umeme. Mbali na hayo yapo maji yanayotoka mtoni, bwawani au baharini, ambayo kazi yake ni kuchukua joto lisilotakiwa na kulipeleka nje. Sehemu ya maji haya ya mwisho hupoza vifaa vya usalama, na hayo ndiyo tunayopendekeza yaitwe maji muhimu ya kupozea. Hayapiti katika kiini cha kinu. Mfasiri akiandika tu "maji ya kinu", msomaji atadhani kwamba mabomba ya plastiki yanabeba maji yenye mnunurisho, jambo ambalo si kweli.

Umuhimu wa maji hayo hauishi kinu kinapozimwa. Mara tu baada ya kuzimwa, kiini huendelea kutoa joto linalokaribia asilimia 7 ya nguvu yake ya awali, na joto hilo hupungua upesi mwanzoni, kisha polepole. Tarehe 11 Machi 2011, huko Fukushima nchini Japani, tsunami iliharibu pampu za maji ya bahari pamoja na mitambo ya umeme wa dharura. Vinu vilikuwa vimekwisha kuzimwa, lakini joto lilikosa njia ya kuondolewa, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Kwa hiyo bomba la maji ya kupozea, ingawa laonekana kuwa kifaa cha kawaida, limo katika orodha ya vitu vinavyolinda maisha ya watu.

Sasa tuutazame uharibifu wenyewe. Mabomba mengi ya zamani yalitengenezwa kwa feleji ya kawaida. Tunasema feleji ya kawaida kwa sababu siku hizi wengi hutumia jina la chuma cha pua kwa maana ya feleji isiyoshika kutu, na mkanganyiko huo huleta hasara. Feleji ya kawaida ikikutana na maji na oksijeni hupatwa na mambo ambayo hapana budi kuyatenganisha kwa majina.

Jambo la kwanza ni kitendo cha madini kuliwa na kemikali zilizoyazunguka. Kitendo hiki tunapendekeza kiitwe ulikaji, kutokana na kitenzi kulika ambacho wasemaji wanacho tayari. Kutu ni zao la ulikaji wa chuma tu: ni ile dutu nyekundu au ya kahawia inayobaki. Shaba hulika, lakini haifanyi kutu. Tofauti hii ina maana kubwa, kwani kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndani ya bomba hujikusanya mfano wa vinundu, ikapunguza njia ya maji. Hivyo bomba moja laweza kuwa na matatizo mawili kwa pamoja: ukuta unapungua kwa sababu ya ulikaji, na njia inasongwa kwa sababu ya kutu.

Ulikaji nao una namna zake. Ukienea sawasawa juu ya uso wote, fundi aweza kupima unene uliobaki na kukisia umri wa bomba. Lakini mara nyingi ulikaji huchimba mahali padogo padogo mpaka ukuta ukatoboka, ilhali sehemu nyingine zote ni nzima. Huu tunauita ulikaji wa vishimo. Vijidudu wanaoishi chini ya vinundu vya kutu huuzidisha, na hapo yatumike maneno ulikaji wa vijidudu. Mmomonyoko ni jambo jingine tena: ni ukuta kusagwa na mwendo wa maji na mchanga uliomo, hasa penye kona. Maafisa wa kilimo wamelizoeza taifa neno hilo kwa habari ya udongo, na maana yake isibadilishwe.

Katika mtambo wa Callaway, jimboni Missouri, ulioanza kutoa umeme mwaka 1984, mabomba ya feleji ya maji muhimu ya kupozea yalipatwa na vishimo na matobo madogo. Wenye mtambo waliomba ruhusa ya kuweka mabomba ya polithini ya msongamano mkubwa katika sehemu zilizofukiwa ardhini, na mwaka 2008 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani iliwakubalia. Mabomba makubwa kati ya hayo yalikuwa na kipenyo cha inchi 36, yaani takriban sentimita 91.

Polithini hailiki kama chuma wala haifanyi kutu. Hapa ndipo mfasiri huteleza. Akiwa ametumia neno kutu kwa kila aina ya uharibifu, ataandika kwamba bomba jipya "haliharibiki", kwa kuwa halina kutu. Ukweli ni kwamba plastiki ina maradhi yake. Nguvu yake hupungua joto linapopanda, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana haiwekwi penye maji ya moto mkali. Hutanuka kwa joto kiasi cha mara kumi au zaidi kuliko feleji. Jua huiharibu, na kwa hiyo hutiwa masizi yanayoipa rangi nyeusi. Zaidi ya yote, mkwaruzo ukibaki chini ya mkazo wa miaka mingi huweza kuzaa ufa unaokua polepole. Tunapendekeza uchakavu kwa kudhoofika kwa plastiki kwa jumla, na ufa wa polepole kwa kasoro hiyo maalumu. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta yafaa hapa kwa maana yake ya wazi kabisa.

Neno la mwisho ni la kuunganisha. Mafundi husema kuchomelea au kulehemu kwa chuma. Vipande vya bomba la polithini huungwa kwa namna nyingine: ncha mbili husawazishwa, hupashwa joto kwa bamba la moto wa nyuzi zipatazo 200 au zaidi, kisha hukandamizwa pamoja hadi zipoe. Hakuna madini ya tatu yanayotiwa kati. Tuiite kazi hii uungaji kwa kuyeyusha. Ncha zikipoa kabla ya kukandamizwa, hupatikana kiungo baridi: kwa nje chaonekana kimeshikana, kwa ndani hakikushikana. Wakaguzi wa Marekani waliitilia maanani hatari hiyo, na mfasiri asiifiche ndani ya neno kuunganisha tu.

Kazi hii si ya nchi za mbali pekee. Mabomba meusi ya polithini yamo katika miradi mingi ya maji ya vijiji vyetu, na baadhi ya viungo vyake huungwa kwa njia iyo hiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda wakala wa nguvu za nyuklia. Mtambo wa nyuklia hauwezi kujengwa kwa haki bila wananchi wa mahali pale kuelezwa na kuuliza. Siku hiyo wataelezwa kwa Kiswahili, na jibu watakalopewa halitakuwa na usahihi kuliko istilahi alizo nazo mkalimani. Basi tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi katika sentensi zao, na zile zisizokaa vizuri mdomoni watuletee habari zake.