Kuridhika kwa Wananchi na Barabara Kupimwe Baada ya Masika

Barabara ya mtaa inapokabidhiwa, mhandisi ana vipimo vyote mkononi: unene wa changarawe, ushindiliaji, upana wa mitaro. Hata mabonde na matuta ya uso wa barabara yana kipimo cha kimataifa, kilichotokana na majaribio ya Benki ya Dunia nchini Brazil mwaka 1982. Lakini hakuna kipimo kati ya hivyo kinachoonyesha kama muuza mboga anawahi sokoni, au kama mtaro mpya unamwaga maji uani kwa mtu. Hayo wanayajua wakazi, na yana njia zake za kupimwa.

La kwanza ni wakati. Siku ya uzinduzi kila mtu ana furaha, kwa hiyo majibu ya siku hiyo hayatufundishi kitu. Kwa Dar es Salaam, barabara hujulikana ubora wake masika, kati ya Machi na Mei. Mikataba mingi ina kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Utafiti ufanyike mvua zikiisha, kipindi hicho kikiwa bado hakijafungwa. Maswali hayohayo yawe yameulizwa kabla ya ujenzi. Bila hivyo hatuna cha kulinganisha.

La pili ni nani anaulizwa. Ni rahisi kuwahoji bodaboda kijiweni na wenye maduka kando ya barabara, lakini hao ndio wanaonufaika mapema. Kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka orodha ya mtaa, zikiwemo za mabondeni, na asihojiwe mkuu wa kaya peke yake. Watu 100 waliochaguliwa hivyo hutoa jibu linaloweza kupotoka kwa takriban asilimia 10 juu au chini. Watu 400, takriban asilimia 5. Hivyo anayetangaza kuwa kuridhika kumepanda kwa asilimia 3 bado hajathibitisha lolote.

La tatu ni swali lenyewe. Mgeni akibisha hodi na hojaji, mwenyekiti wa mtaa akiwa ubavuni mwake, akauliza “Mmeridhika?”, atajibiwa ndiyo kwa heshima tu. Mhoji asiongozane na kiongozi wala mkandarasi, na aanze na mambo yanayohesabika. Masika iliyopita magari yalishindwa kupita siku ngapi? Nauli ya bodaboda hadi kituoni ni kiasi gani? Watoto wanavukia wapi? Kisha ndipo aulize kuridhika, kwa ngazi 5, akitenganisha uso wa barabara, mitaro, usalama wa waendao kwa miguu na vumbi la wakati wa ujenzi.

Matokeo nayo yasifichwe ndani ya wastani. Mtaa unaweza kupata wastani wa 4 kati ya 5 huku kaya zinazopokea maji ya mtaro zikitoa 1. Kaya hizo chache ndizo zinazomwonyesha mhandisi pa kurekebisha.

Tangu TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ianzishwe mwaka 2017, barabara za ngazi ya wilaya, mijini na vijijini, Tanzania Bara zina msimamizi mmoja, hivyo hojaji moja inaweza kutumika kila wilaya. Gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa, na kasoro zilizotajwa zikaguliwe kabla mkandarasi hajalipwa fedha zake za mwisho.