JE, WAJUA? Sonona Yenye Maradhi Nyuma Yake

Je, wajua kwamba kijana wa Timau, penye mashamba ya ngano na maua kaskazini mwa Mlima Kenya, aweza kuugua sonona iliyofungamana na maradhi mengine ya nafsi, yale ambayo tabibu Adolph Stern wa New York aliyaita ya mpakani mwaka 1938?

Sonona peke yake hudumu, kwa uchache, majuma mawili mfululizo. Ama mwenye maradhi hayo ya mpakani, hali yake hugeuka kwa saa, asubuhi bashasha na adhuhuri ghadhabu, hasa akihisi, kwa yakini au kwa dhana tu, kwamba ampendaye amemtupa, na chini ya yote hayo mna utupu usioshibishwa na kitu. Wakubwa huita hali hiyo utundu, nami naona ni dhuluma. Dawa za sonona pekee hazitoshi; tiba iliyo maarufu, ya kumfundisha mgonjwa kuzitawala hisia zake bila ya kujidhuru, aliiasisi Marsha Linehan wa Seattle, ambaye mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba naye alilazwa hospitalini akiwa na miaka 17.

Na kujidhuru huko huweza kufikia jaribio la kujiua; nchini Kenya, kijana aliyejaribu kujiua aliweza, kwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka miwili, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba.